Mita 30, 60 au 200? Kabla ya kuinua tena nyumba iliyomezwa na ziwa

Na Mwandishi Wetu

MEI 2020 kipimo cha maji cha Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42. Hicho si kina cha Ziwa Victoria, ni alama kwenye kipimo ambacho wataalamu wamekuwa wakikisoma kwa zaidi ya miaka mia moja pale Nile inapotoka ziwani. Rekodi ya nyuma yake ilikuwa mita 13.41, ya Mei 1964, baada ya zile mvua ambazo wazee wa visiwani bado wanaziita mvua za Uhuru. Tofauti ni sentimita moja tu, lakini iliyatia maji mialo ya nchi tatu kwa wakati mmoja. Mei 2024 ziwa likapanda tena na kuipita hata alama hiyo ya 2020.

Kwa mchuuzi wa dagaa hizo hazikuwa namba za kitabuni. Zilikuwa stoo iliyojaa maji hadi madirishani, magunia yaliyooza, choo kilichofurika na nyumba ya matofali mabichi iliyoyeyuka kama sukari. Kasensero, karibu na mpaka wa Uganda na Tanzania, watu walihama na magodoro vichwani. Kigungu kule Entebbe hali ilikuwa hiyohiyo, na upande wa Kenya ndivyo ilivyokuwa Dunga na Budalang'i.

Maji yaliporudi nyuma, kila aliyepoteza alijiuliza jambo moja: najenga tena lini? Wachache walijiuliza kama wanaruhusiwa. Hapo ndipo hasara ya pili hutokea, na mara nyingi ni kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu ziwa likichukua nyumba huacha angalau mawe na mabati, lakini mtu akikopa, akajenga upya ndani ya ukanda uliokatazwa, kisha tingatinga likaja, hubaki na deni peke yake.

Tuseme upo Busia na biashara yako ni dagaa, au omena kama mnavyoiita upande wa Kenya, au mukene ukivuka kwenda Uganda. Unanunua mwalo wa Kirumba, Mwanza. Una chumba na stoo ulizojenga na ndugu wa mkeo katika mwalo mmoja wa Tanzania, una mshirika Kasensero na una banda Sio Port. Mvua moja imeharibu vyote vitatu. Ziwa ni lilelile, samaki ni yuleyule, hata fundi unaweza kumchukua huyohuyo ukavuka naye. Sheria zinazomngoja fundi huyo hazifanani hata kidogo.

Mita 60 za Tanzania

Tanzania Bara ndiyo yenye namba rahisi kukumbuka. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa la asili, ukingo wa mto au bwawa. Kabla yake, Sheria ya Ardhi ya 1999 ilikwishayataja maeneo yaliyo ndani ya mita hizohizo 60 miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa hatarishi.

Neno la kulishika hapo ni "kudumu". Chanja la kuanikia dagaa linalong'olewa kwa nusu saa ni kitu kimoja, msingi wa mawe na zege ni kitu kingine. Wafanyabiashara wengi hulichukulia neno hili kama mwanya: wanaanza na mbao, mwaka unaofuata wanazungushia tofali nusu ukuta, wa tatu wanapiga sakafu. Ofisa akifika siku hiyo hatauliza historia ya banda. Ataona sakafu.

Waliokuwa Dar es Salaam mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 wanazikumbuka herufi za X nyekundu katika bonde la Msimbazi. Lile ni bonde la mto, si ziwa, lakini kifungu kilichotumika kwa ukingo ni hikihiki cha mita 60. Nyumba ambazo watu walizaliwa ndani yake zilivunjwa, nyingine zikiwa zimeshakumbwa na mafuriko na kujengwa tena zaidi ya mara moja. Mafuriko hayakuwa yamewatoa wenyewe, na kule kujenga upya hakukuwapa haki mpya.

Kenya wanapima kutoka wapi?

Ukivuka Sirari kuingia Kenya, namba zinaongezeka na mkanganyiko nao. Kwa mito, kanuni za maji za 2007 ziliweka ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, kutegemea upana wa mto. Ndiyo maana mjini Nairobi utamsikia mmoja akiapa kuwa ni mita 6 na mwingine akiapa kuwa ni 30, na wote wawili wana karatasi ya kuonyesha.

Kwa ziwa, kanuni hizo zilikwenda njia nyingine: mita 2 za kupanda juu au mita 30 za kwenda bara, kipimo kipi kifupi ndicho hicho, kuanzia usawa wa juu kabisa wa maji uliowahi kurekodiwa. Yasome tena hayo maneno ya mwisho. Usawa wa juu kabisa uliowahi kurekodiwa. Kwa kipimo hicho, ziwa linapovunja rekodi linausogeza na mstari wenyewe. Mtu aliyepima banda lake mwaka 2015 akajiona yuko salama huenda baada ya 2020 akawa ndani ya ukanda bila kusogeza jiwe hata moja, na baada ya 2024 akawa ndani zaidi.

Kuna na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999. Kifungu chake cha 42 hakiishii kwenye kujenga. Kinataja pia kujenga upya, kubadili na kuongeza jengo lililo ndani ya ziwa, mto au ardhi oevu, na kinataka idhini ya maandishi itolewe kwanza baada ya tathmini ya athari za mazingira. Nyumba ambayo maji yameifikia na hayakuondoka, wakili wa upande wa pili anaweza kabisa kudai kwamba sasa imo ndani ya ziwa.

Juu ya hayo kuna kaunti. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inahitaji ruhusa ya kaunti kabla ya ujenzi, na anayeanza bila ruhusa hiyo anaweza kutozwa faini ya hadi Sh500,000 za Kenya, kufungwa hadi miezi miwili, au vyote viwili.

Hata hivyo karatasi ya ruhusa haitoshi kuokoa jengo. Agosti 2018 serikali ya Kenya ilibomoa majengo ya kibiashara yaliyokuwa kando ya mito Nairobi, likiwemo jengo la maduka la South End na lile la Ukay huko Westlands. Wamiliki walisema walikuwa na vibali. Mei 2024, baada ya mafuriko makubwa, waliokuwa ndani ya mita 30 za mito ya Nairobi waliamriwa kuondoka, mabati ya Mathare na Mukuru yakaangushwa, na Rais William Ruto akaahidi Sh10,000 kwa kila familia ya kuhamia kwingine. Kwa bei za vyumba za Nairobi, anayejua kodi atakwambia fedha hizo zinafika wapi.

Mita 200 za Uganda

Uganda ndiyo iliyo kali kuliko wote watatu. Kanuni za mwaka 2000 za kusimamia ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinaweka mita 200 kwa maziwa makubwa, Victoria likiwemo pamoja na Kyoga, Albert, Edward na George. Maziwa mengine ni mita 100. Nazo hupimwa kutoka usawa wa chini wa maji, yaani pale maji yanapokomea ziwa likipungua.

Kwa hiyo Kenya wanaanzia juu na kuhesabu kidogo, Uganda wanaanzia chini na kuhesabu sana. Mtu anayelinganisha 30 na 200 kwa haraka hukosea, kwa sababu futikamba hazikuanza mahali pamoja.

Umuhimu wa mahali pa kuanzia unaonekana kwa hesabu ya darasa la sita. Kati ya mwishoni mwa 2019 na Mei 2020 ziwa lilipanda zaidi ya mita moja. Chukua ufukwe wa kawaida ulioinama taratibu, unaopanda mita 2 kwa kila mita 100 unazotembea kwenda bara. Maji yakipanda mita 1.2 tu, ukingo wa maji unasogea mita 60 kuelekea kwako. Huo ndio ukanda wote wa Tanzania, umekwisha kwa msimu mmoja. Kwenye ufukwe wa miamba kama ile ya Mwanza maji yaleyale yatasogea hatua chache tu. Sheria inatumia namba moja kwa fukwe zote mbili, na hapa nadhani wakosoaji wake wana hoja, ingawa hoja hiyo haimsaidii kitu mwenye nyumba iliyowekwa X.

Mita 200 si za kumkomoa mvuvi. Mafunjo na matete ya ukingoni huchuja udongo na uchafu unaoshuka na mvua, samaki wengi huzalia humo, na mawimbi hupoteza nguvu kabla ya kufika kwenye ukuta wa mtu. Mfanyabiashara wa samaki anayefyeka mafunjo ili apate uwanja wa stoo anakata riziki yake ya miaka mitano ijayo. Na vyoo vya shimo vilivyo mita 10 kutoka majini ndivyo hutangulia kuzama, kisha watu wanachota maji ya kupikia hapohapo.

Kivu na Tanganyika

Wanaovusha bidhaa kati ya Rubavu na Goma, au Rusizi na Bukavu, wajue kuwa Rwanda ina namba yake. Amri ya waziri ya 2010 iliweka mita 50 kutoka ukingo wa ziwa na mita 10 kutoka mito, na ardhi hiyo ikahesabiwa kuwa mali ya umma. Huko swali haliwi tu "naruhusiwa kujenga?" Ni "kiwanja chenyewe ni cha nani?"

Burundi, sheria ya maji ya 2012 inatenga mita 150 kwa Ziwa Tanganyika na mita 50 kwa maziwa mengine. Ukiijua barabara ya Bujumbura kwenda Uvira unaijua Gatumba, kituo cha karibu kila gunia linaloingia Kongo kwa njia hiyo. Tangu 2020 Gatumba imekuwa ikifurika, mto Rusizi ukitoka upande mmoja na ziwa likipanda upande mwingine. Maelfu walihamishiwa kambini, wengine wakarudi kupiga tena lipu kwenye kuta zenye mistari ya matope, maji yakarudi. Tanganyika lina njia moja tu ya kutolea maji, mto Lukuga huko Kalemie, na halishuki kwa haraka. Pale hata kama mita 150 zisingeandikwa popote, kujenga upya mahali palepale ni kuweka mtaji mahali ambapo maji yameshaonyesha kuwa yanapajua.

"Ilikuwepo kabla ya sheria"

Hii ndiyo kauli inayowaponza wengi, na ina nusu ya ukweli. Nyumba iliyojengwa mwaka 1990, kabla ya kanuni zote hizi, ina hoja ya kubaki au ya kulipwa fidia ikiondolewa, hasa mwenyewe akiwa na hati. Mahakama zimekuwa zikiombwa kuamua mambo ya aina hiyo kila mara. Lakini hoja hiyo inalilinda jengo lililokuwepo. Likianguka hadi msingi, unachoomba kukijenga ni jengo jipya. Kibali kinachotakiwa ni cha tarehe ya leo, na sheria itakayosomwa ni ya leo. Ofisa hatauliza baba yako aliinua ukuta lini.

Kati ya kupaka rangi na kujenga upya kuna kichaka kikubwa. Kubadilisha mabati yaliyong'olewa na upepo kwa kawaida ni ukarabati. Kuinua kuta tatu kati ya nne, hata ukiuita ukarabati, fundi mwenyewe atacheka. Piga picha za jengo kabla na baada ya mafuriko, zenye tarehe, kisha andika barua ya kuomba kukarabati na uitunze nakala iliyogongwa muhuri. Siku ya ubishi, picha na muhuri vitasema zaidi ya mashahidi kumi wa kijiweni.

Kuna karatasi nyingine tatu ambazo wafanyabiashara huzibeba kama ngao na si ngao. Ya kwanza ni barua au kitambulisho cha kamati ya usimamizi wa rasilimali za ufukwe, zile BMU. Inakupa nafasi ya kufanya biashara mwaloni, haigeuzi mchanga kuwa kiwanja. Ya pili ni leseni ya biashara na stakabadhi za ushuru: halmashauri inaweza kuchukua ushuru wa banda kwa miaka kumi na bado banda likawa haramu kwa sheria ya mazingira. Ya tatu ni ile hati ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mashahidi wanne. Ni ushahidi kwamba fedha zilitoka mfukoni mwako, basi.

Na kwa mgeni kuna kikwazo zaidi. Wengi wanaamini Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza kutumika Julai 2010, limewapa haki ya kumiliki popote. Ibara ya 15 ya itifaki yenyewe inasema upatikanaji na matumizi ya ardhi na majengo vitaongozwa na sera na sheria za kila nchi mwanachama. Tanzania haimgawii asiye raia ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji kwa taratibu zake. Kenya na Uganda mgeni hupata ukodishaji usiozidi miaka 99. Ndiyo maana stoo nyingi za mialoni zimeandikwa jina la shemeji, rafiki au dereva. Mafuriko yakija na serikali ikalipa chochote, anayelipwa ni aliyeandikwa. Ikija faini, hapo jina lako hukumbukwa haraka.

Mabanda kwanza, hoteli baadaye?

Nisiseme kana kwamba sheria hizi hutekelezwa kwa haki. Ukipita kwa boti mbele ya mji wowote mkubwa wa ziwa hili utaona kuta za mawe zilizoingia hadi majini, bustani za nyasi fupi, na majengo ya ghorofa ambayo mtu hahitaji futikamba kujua hayajafika mita 60, sembuse 200. Tingatinga huanza na mabanda ya mbao. Mchuuzi anayeona hivyo huhitimisha kuwa sheria ni ya wanyonge, na akajenga kwa hasira. Hasira yake naielewa. Lakini mwenye hoteli ana wakili na akiba, na akishindwa kesi baada ya miaka minane atakuwa amekwisha kuvuna. Wewe una msimu mmoja wa dagaa.

Wanaofanya hesabu vizuri, kwa ninavyoona, wametenganisha vitu viwili ambavyo zamani vilikaa pamoja. Karibu na maji wanabakiza kile tu ambacho lazima kiwe karibu na maji: chanja, mizani, turubai, banda la kung'oka. Nyumba ya kulala, magunia yaliyokauka, jenereta na madaftari vinapanda juu, ng'ambo ya barabara. Gharama ya bodaboda au mkokoteni inaongezeka kila siku, hilo halikwepeki. Ila mzigo ukiwa juu, usiku wa mvua unalala.

Na kabla ya kulipa kiwanja au kumpa fundi hata kishika uchumba, safari mbili zinatosha kuepusha mengi. Moja ni kwa ofisi ya ardhi ya wilaya au kaunti, kuona kama kiwanja kipo kwenye ramani na kimeandikwa matumizi gani. Nyingine ni kwa ofisa wa mazingira, kumwomba aje mwenyewe aonyeshe alipoanzia kupima. Si wengi wanaomwomba hivyo. Wanauliza "mita ngapi?" wanajibiwa, wanakwenda kupima kutoka pale mawimbi yalipo asubuhi ile.

Je, nchi zetu zisingeweza kukubaliana namba moja kwa ziwa moja? Chombo cha kufanya hivyo kipo: Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao Kisumu, iliyozaliwa na itifaki iliyotiwa saini Novemba 2003. Kulingana si lazima kuwe na mita sawa, kwa kuwa fukwe hazifanani. Kungetosha nchi tatu zikubaliane mahali pa kuanzia kupima, kisha ziweke vigingi vinavyoonekana, vya zege, mwalo kwa mwalo. Mpaka wa mbuga za wanyama umewekewa alama. Mpaka unaoamua kama mtu atalala ndani kwake au nje unaachwa kwenye vitabu vya wanasheria.

Kwa sasa, uangalie msimu wa kiangazi. Ziwa likishuka hubaki uwanja mweupe, mkavu, wenye upepo mzuri, na haipiti wiki madalali wamekuja na kamba na vigingi vya miti. Bei huwa ya chini kuliko ya viwanja vya juu. Ukipelekwa kuonyeshwa kimoja, kabla ya kusikiliza bei tafuta mti au ukuta wa zamani ulio karibu, uangalie ule mstari wa tope uliokauka umefika wapi. Kisha mwulize mzee wa hapo maji ya 2020 yaliishia upande gani wa huo mti.